Kwa Nini Jibu la “Mkulima” Halitoshi: Jinsi Kazi za Wakazi Zinavyoainishwa

Mdadisi wa takwimu anapofika katika kaya wilayani Bahi na kuuliza, “Unafanya kazi gani?”, jibu la kwanza mara nyingi huwa neno moja: mkulima. Jibu hilo ni la kweli. Hata hivyo, neno hilo laweza kumaanisha mwenye majaruba katika skimu ya umwagiliaji ya Bahi anayeuza mpunga wake, kibarua aliyepandikiza mpunga huo kwa ujira wa siku, au mama anayelima uwele kwa ajili ya ugali wa wanawe. Katika takwimu za nguvu kazi watu hao watatu huingia katika mafungu tofauti, kwa sababu mahitaji yao pia ni tofauti.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) huendesha Utafiti wa Nguvu Kazi ili kujua wananchi wangapi wana kazi, ni kazi za namna gani, na wangapi wanaitafuta. Tafiti hizo zimefanyika mwaka 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Tofauti na Sensa ya Watu na Makazi, utafiti haupiti kila nyumba. Kaya chache huchaguliwa, na kila moja huwakilisha kaya nyingi ambazo hazikufikiwa. Kwa sababu hiyo, jibu lisilo kamili katika kaya moja halibaki kuwa kosa la kaya moja.

Orodha ya kazi ilivyopangwa

Tanzania inayo orodha yake ya uainishaji wa kazi, iliyojengwa juu ya mfumo wa kimataifa wa Shirika la Kazi Duniani (ILO). Mfumo huo, ambao toleo lake la mwaka 2008 lina aina 436 za kazi, unazigawa katika makundi makuu 10. Kundi la 1 ni la viongozi na mameneja, la 2 ni la wataalamu kama walimu na madaktari, la 6 ni la wakulima, wafugaji na wavuvi, la 7 ni la mafundi, la 8 ni la madereva na waendesha mitambo, na la 9 ni la kazi zisizohitaji mafunzo marefu.

Kinachoangaliwa ni shughuli anazozifanya mtu na ujuzi unaohitajika kuzifanya, wala si cheti alichonacho. Fundi mwashi aliyejifunza kwa kumfuata mjomba wake kwenye ujenzi huhesabiwa pamoja na mwenzake aliyesomea chuoni, mradi wanafanya kazi ileile.

Mdadisi hutenganisha pia mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: kazi ya mtu, sekta anamofanyia, na hali yake ya ajira. Mpishi wa shule ya sekondari, kwa mfano, kazi yake ni upishi, sekta yake ni elimu, na hali yake ni mwajiriwa. Mpishi wa mgahawa wake mwenyewe ana kazi hiyohiyo, lakini mambo mawili yaliyobaki ni tofauti kabisa.

Ugumu ulipo

Ugumu wa kwanza ni wa misimu. Bahi hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Mtu yuleyule aweza kulima wakati wa masika, akavua samaki mbuga ya Bahi inapojaa maji, kisha kiangazi akafyatua matofali au akapeleka mbuzi mnadani. Utafiti huuliza hasa habari za siku saba zilizopita, na kazi kuu kwa kawaida ni ile iliyochukua saa nyingi zaidi. Hivyo jibu la mwezi wa Februari laweza kutofautiana na la Septemba, na yote mawili yakawa sahihi. Ndiyo sababu mdadisi huuliza pia juu ya kazi ya pili.

Ugumu wa pili ni wa mipaka iliyo myembamba. Mwenye majaruba huwekwa kundi la 6, na kibarua wake kundi la 9. Mwenye meza ya nguo sokoni yumo kundi la 5 la wauzaji, lakini mchuuzi anayezitembeza nguo zilezile mkononi yumo kundi la 9. Mwenyekiti wa kijiji ana nafasi yake kundi la 1, ingawa saa zake nyingi za wiki aweza kuwa alizimalizia shambani.

Waendesha bodaboda wote wamo kundi la 8, ila hali zao za ajira hazifanani. Mmoja anamiliki pikipiki, mwingine anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na wa tatu yuko kwenye mkataba utakaompa pikipiki akimaliza kulipa. Anayepeleka hesabu si mwajiriwa kamili, wala hajitegemei kikamilifu. Mwaka 2018 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, uliofanyika Geneva, ulikubali kuwepo kwa fungu la pekee la watu wa namna hiyo.

Ugumu wa tatu, na mzito zaidi, ni kazi zisizoitwa kazi. Mwanamke aliyepalilia mpunga wa familia wiki nzima bila kulipwa aweza kujibu kwamba yeye ni mama wa nyumbani tu. Kama mpunga huo ni wa kuuzwa, kwa vigezo vya kimataifa yeye ana ajira, kwani hata saa moja ya kazi ya kipato ndani ya wiki huhesabiwa. Lakini kama alilima mtama wa chakula cha nyumbani, vigezo vilivyokubaliwa mwaka 2013 vinasema kwamba amefanya kazi, ila kazi hiyo haiitwi ajira. Swali la iwapo mazao ni ya kuuza au ya kula, ambalo baadhi ya wananchi huliona la udadisi, ndilo linalotenganisha mafungu hayo mawili.

Faida kwa mwananchi

Mipango hutegemea kile kinachoonekana kwenye takwimu. Vibarua wakiandikwa wote kuwa wakulima, itaonekana kwamba wanahitaji pembejeo, ilhali hawana shamba la kuzitia. Vijana wa deiwaka wakisema hawana kazi, ujuzi wao wa uashi au uchomeleaji hauonekani, na hoja ya kuwapelekea mafunzo hudhoofika. Wanawake wakijificha nyuma ya neno “nyumbani”, nusu ya jasho la kaya hupotea katika hesabu.

Mwananchi anayefikiwa na mdadisi anashauriwa kueleza matendo badala ya kutaja jina la kazi pekee. “Nilipandikiza mpunga kwa siku nne katika shamba la mtu, kwa malipo” ni jibu linaloainishika bila kubahatisha. Vivyo hivyo, “Napika chapati na chai nikiuzia stendi, biashara ni yangu” ni bora kuliko “mjasiriamali”, neno linaloweza kubeba kazi yoyote iliyopo sokoni. Aliye na kazi mbili azitaje zote mbili. Anayemjibia mwanakaya asiyekuwepo aeleze kile anachokijua kwa hakika.

Wapo wanaoficha shughuli zao kwa kuhofia kodi. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inamtaka mdadisi kutunza siri za mhojiwa, na taarifa za mtu mmoja mmoja hutumika kwa takwimu tu. Mwenye shaka juu ya mgeni aliyefika mlangoni ana haki ya kuomba kitambulisho, na kuulizia kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji kabla ya kujibu.

Orodha ya kazi itaendelea kurekebishwa, kwa kuwa kazi nazo hubadilika. Bodaboda, ambayo leo ni riziki ya vijana wengi, miongo michache iliyopita haikuwepo vijijini. Lakini orodha hata iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kumweka mtu mahali pake iwapo mdadisi hakuambiwa kazi yenyewe inafanywaje, kwa ajili ya nani na kwa malipo gani.