Je, Wajua? Jani la Mwembe Hunasa Zebaki Iliyomo Hewani

Mwishoni mwa kiangazi, pitisha kidole juu ya jani kuukuu la mwembe kando ya barabara ya Lamadi hadi Bariadi. Vumbi litakalobaki kidoleni limechanganyika na masalia ya matairi, breki na moshi wa malori, nayo hubeba zinki, shaba na metali nyingine nzito. Nta ya jani huyashika, na mvua ikinyesha mengi huoshwa.

Zebaki ina njia yake. Hewani huelea kama mvuke usioonekana wala kunuka, na jani huuvuta kupitia stomata, matundu madogo sana ambayo mti huyatumia kupata hewa ya kutengenezea chakula. Ikishaingia, zebaki hubadilika kikemikali na kushikamana na tishu za jani. Mizizi huizuia kwa kiasi kikubwa isipande kutoka udongoni, hivyo zebaki iliyomo ndani ya jani kwa sehemu kubwa imetoka hewani. Na kadiri jani linavyozeeka ndivyo inavyozidi kujaa. Jani la mwembe, ambalo huweza kukaa mtini mwaka na zaidi, hukusanya kwa muda mrefu kuliko jani la maboga linalochumwa baada ya wiki chache.

Ndiyo maana wanasayansi huyatumia majani kupima hewa. Huchuma, huosha fungu moja na kuacha jingine, hukausha, husaga, huyeyusha kwa asidi, kisha hupima. Tofauti ya mafungu hayo mawili huonyesha kilichokuwa juu ya jani na kilichokwisha kuzama ndani.

Jambo hili linauhusu Mkoa wa Simiyu, ilipo barabara hiyo, kwa sababu ya dhahabu. Januari 2024, mgodi mdogo wa Ikinabushu, wilayani Bariadi, uliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Hatari ya shimo kila mtu huiona. Ya mvuke haionekani. Wachimbaji wadogo wengi nchini Tanzania hutumia zebaki kukamata dhahabu kwenye mchanga uliosagwa, kisha huchoma donge la zebaki na dhahabu ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2015 uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia takriban asilimia 38 ya zebaki yote ambayo shughuli za binadamu ziliingiza hewani duniani.

Mti hupunguza mvuke huo hewani, lakini hauiangamizi zebaki. Jani likipukutika, zebaki hushuka nalo udongoni, na maji ya mvua huweza kuisomba hadi Mto Simiyu unaomwaga Ziwa Victoria. Majini, bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayojilimbikiza katika samaki.

Kwa mama anayepika mboga za majani au kuanika nsansa (mboga za majani za kukausha), kuosha ni lazima, maana kunaondoa vumbi. Lakini hakuna maji yatakayoitoa zebaki iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Kinga yake iko pale donge linapochomwa: mbali na nyumba na bustani, ndani ya chombo kilichofunikwa chenye bomba la kupoza mvuke, ili zebaki irudi kuwa kimiminika na itumike tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Ahadi hiyo itimizwe kwanza mialoni, pale dhahabu inapochenjuliwa, kwa kumfikishia kila mchimbaji chombo hicho na mafunzo ya kukitumia.