Picha ya Ziwa Iliyozikwamisha Simu Kwenye Logo

Msomaji wa Mukendo, Musoma, ana swali. Simu yake inawaka, inaonyesha logo, inazima, inawaka tena, na fundi amemwambia dawa ni kuflashi tu. Humo ndani kuna picha za harusi ya mdogo wake. Akubali?

Asikubali kwanza. Habari za betri kuchoka na memori kujaa nitaziruka, maana fundi yeyote wa barabara ya Mukendo atazieleza vizuri kuliko mimi. Ninalotaka kulisema ni kwamba simu ya namna hii haijaganda. Iliyoganda imesimama. Hii inachapa kazi ile ile kila mara, na kila mara inajikwaa pale pale.

Mfano mzuri kuliko yote ulitokea Mei 2020. Simu za Android 10, zikiwemo baadhi za Samsung na Pixel, zilikwama baada ya wenyewe kuweka picha moja ya ziwa kuwa mandhari ya skrini. Picha haikuwa na kirusi. Ni Ziwa St Mary, katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani, na aliyeipiga mwaka 2019 ni Gaurav Agrawal, mwanasayansi anayependa kupiga picha. Mwenyewe alikuwa anatumia iPhone, wala hakujua kuwa picha yake inaangusha simu za watu.

Ilikuwaje? Ukiweka picha kuwa mandhari, mfumo hupima mwangaza wake nukta kwa nukta. Kila nukta ina nyekundu, kijani na bluu, na rangi hizo hazina uzito sawa: katika mia, kijani hupewa kama 72, nyekundu 21, bluu 7, kwa sababu jicho la binadamu huuhisi zaidi mwanga wa kijani. Jumla yake ndiyo mwangaza wa nukta: 0 ni giza totoro, 255 ni weupe wa mwisho. Ni 255 kwa kuwa baiti moja ina nafasi 256, na kompyuta huanza kuhesabu kwenye sifuri.

Sasa mchukulie karani wa mwalo wa Mwigobero aliyepangiwa kreti 256, ya kwanza imeandikwa 0 na ya mwisho 255. Namba inayosomeka kwenye mzani ndiyo kreti ya samaki. Mzani ukisoma 40, sato anaingia kreti ya 40. Ukisoma 200, sangara anakwenda kreti ya 200. Kazi inasonga. Mara mzani unasoma 256, na kreti hiyo haipo. Karani mwenye akili zake angemtupia samaki kwenye ya 255, maisha yakaendelea. Huyu ameagizwa kwamba namba isiyo na kreti maana yake ni kufunga mwalo, naye anafunga. Tajiri anakuja juu, anamfukuza, anaweka karani mwingine, na upimaji unaanza upya kwa samaki wale wale. Yule wa 256 bado yumo mtumbwini. Karani wa pili anafunga. Wa tatu naye vivyo hivyo. Hakuna anayewaza kumtoa yule samaki, kwa sababu amri ya kumpima imeshaandikwa.

Mtumbwi ni picha, samaki ni nukta zake, karani ni programu inayochora skrini, tajiri ni Android, ambayo huiamsha programu hiyo kila inapoanguka. Na kwa kuwa mandhari imehifadhiwa kwenye memori, kuzima na kuwasha hakubadili kitu.

Hiyo 256 ilitoka wapi? Picha ilihifadhiwa kwa mpangilio wa rangi uitwao ProPhoto RGB, mpana kuliko sRGB uliozoeleka kwenye simu. Android 10 haikuutarajia, hesabu ikavuka mpaka kwa moja. Moja tu! Machweo ya Ziwa Victoria uliyoyapiga kwa simu yako hayana balaa hilo, na Android 11 huigeuza picha kwanza iwe sRGB ndipo ipime.

Simu nayo huhesabu inavyoanguka. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, moyo wa mfumo ukianguka zaidi ya mara 5 ndani ya dakika 5, simu huanza kujiokoa, ikirudisha baadhi ya mipangilio yake ya awali. Ikishindwa, inakuletea ukurasa wenye njia mbili: kujaribu tena, au kufuta data zote. Hapo ndipo watu hubonyeza kabla ya kusoma.

Kwa msomaji wetu: chaji simu, toa laini na memori kadi, kisha shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguzia sauti kwa sekunde kama 20. Ikigoma, jaribu hali salama, inayowasha simu bila programu ulizopakua. Baada ya hapo fungua menyu ya uokoaji na, kama simu yako ina chaguo hilo, ufute kache, si data. Pesa zako za M-Pesa zisikutie presha, kwani hazikai ndani ya simu. Weka laini kwenye simu nyingine.

Kuflashi nako kuna namna mbili. Ipo ya kuandika mfumo upya na kuacha data zako, na ipo ya kufagia kila kitu. Simu za siku hizi hufunga data kwa ufunguo wa siri, na data zikifutwa ufunguo nao umekwenda. Hakuna fundi wa Musoma wala wa Dar es Salaam atakayezirudisha picha za harusi. Isitoshe, simu ikiwaka itadai akaunti ya Google uliyokuwa ukiitumia, kwa hiyo kumbuka nywila yako mapema.

Kabla fundi hajachomeka waya, muulize anaandika mfumo au anafuta data. Akikujibu kwamba ni kitu kimoja, chukua simu yako uende kwa mwingine.