Jina na Utani Wake: Jinasi katika Majina ya Lugha za Tarakilishi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Makala haya yanachunguza majina ya lugha za programu, yaani zile lugha anazotumia binadamu kuiamuru tarakilishi itende jambo. Wengi wetu katika idara za Kiswahili huyachukulia majina hayo kuwa makavu yasiyo na ladha. Dai letu ni kwamba mengi yamejaa jinasi na mizaha, na kwamba mwanaistilahi asiyeijua mizaha hiyo atayafasiri visivyo. Tutayagawa katika makundi matatu: utani wa alama na herufi, utani wa kurejelea utamaduni, na utani wa maana.

Utani wa alama na herufi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dennis Ritchie wa maabara ya Bell, Marekani, aliunda lugha aliyoiita C. Lugha hiyo ilitokana na B ya Ken Thompson, nayo B ilitokana na BCPL. Wajuzi wakabaki wakiulizana: je, mrithi wa C ataitwa D kwa kufuata alfabeti, au P kwa kufuata herufi za BCPL? Mwaka 1983 lilizuka jibu ambalo halikutazamiwa. Lugha ya Bjarne Stroustrup iliitwa C++. Katika C, alama mbili za kujumlisha huiongeza nambari kwa moja. Basi jina zima lina maana ya 'C iliyopandishwa daraja'. Kampuni ya Microsoft nayo, mwaka 2000, ilitangaza C#, ikiazima kutoka muziki alama inayoipandisha sauti kwa nusu toni.

Richard Stallman alivuka mipaka zaidi. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa kuunda mfumo huru unaofanana na Unix, akauita GNU. Herufi hizo ni kifupisho cha sentensi isemayo kwamba GNU si Unix. Ukiuliza GNU ni nini, unarudishwa pale pale ulipoanzia, mithili ya kitendawili kinachojitegua kwa kujitega upya. Isitoshe, neno hilo kwa Kiingereza ni jina la nyumbu, mnyama yule avukaye Mto Mara kwa maelfu kila mwaka. Utani wa aina hii haufasiriki, hubuniwa upya. Mathalani, Mswahili angeweza kuuita mfumo kama huo KISU: 'KISU, Iwavyo, Si Unix'.

Utani wa kurejelea utamaduni

Guido van Rossum, Mholanzi, alianza kuunda Python mwezi Desemba 1989. Neno hilo kwa Kiingereza ni chatu, na hata nembo ya lugha hiyo leo ina nyoka wawili. Hata hivyo, mwasisi hakumfikiria nyoka. Alikuwa akivutiwa na kipindi cha vichekesho cha Monty Python, kilichoanza kurushwa na BBC mwaka 1969. Mfasiri atakayeandika 'Chatu' atakuwa ameshika gamba na kuacha kiini. Ni sawa na mgeni anayefasiri 'matatu' kuwa idadi tu, asijue kwamba gari hilo lilipata jina kutokana na nauli ya mapeni matatu.

Utani wa maana

Mwaka 1987 Larry Wall alitoa lugha ya Perl. Alikusudia kuiita lulu kwa Kiingereza, ila akaidondosha herufi moja kwa kuwa jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1993 Yukihiro Matsumoto wa Japani aliipa lugha yake jina la Ruby, yaani yakuti, ili kito kifuatane na kito. Hapa Kiswahili hakipungukiwi na kitu, kwani lulu na yakuti ni vito vilivyozoeleka katika ushairi wetu tangu jadi.

Mfano ulio bora zaidi ni Java ya mwaka 1995. Awali James Gosling aliiita kwa jina la mti wa mwaloni, uliokuwa nje ya ofisi yake. Jina hilo likakutwa lina mwenyewe, ndipo likachaguliwa la kahawa, ambalo asili yake ni kisiwa cha Java nchini Indonesia. Baadaye vipande vya programu vya kutumiwa tena na tena katika lugha hiyo vikaitwa punje za kahawa. Punje hizo kwa Kiswahili ni buni. Na kubuni ni kuunda jambo jipya! Mbuni ni mti wa kahawa, na mbuni ni yule abuniye. Jinasi hii haimo katika Kiingereza. Kiswahili kimeutajirisha utani wa wenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba utani wa herufi hudai ubunifu mpya, wa utamaduni hudai jina liachwe lilivyo na kuelezwa, na wa maana huweza kuvuka salama, pengine hata ukanenepa njiani. Basi kabla ya kuunda istilahi yoyote ya teknolojia, mwanafunzi wa Kiswahili na aulize kwanza: aliyeliunda jina hili alikuwa akicheka nini? Kuuliza si ujinga. Asiyeuliza ataijaza kamusi yetu chatu wasiokuwapo.