Tanzania na Kenya: wapi watoto ni wengi, wapi vijana ni wengi?

Kila tunapozungumzia idadi ya watu kwenye kipindi, swali linaloingia kwa wingi kwenye simu yetu ni hili: "Watanzania na Wakenya, nani wengi?" Jibu ni jepesi: Watanzania ni wengi zaidi. Ila jibu hilo halimsaidii sana mkulima wala mzazi. Swali lenye uzito ni la umri. Katika kila watu 100, wangapi bado ni watoto, wangapi wana nguvu za kufanya kazi, na wangapi ni wazee? Hapo ndipo majirani hawa wawili wameanza kuachana.

Sensa zinasemaje

Kenya ilihesabu watu wake usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 na kupata watu 47,564,296. Tanzania ilihesabu tarehe 23 Agosti 2022 na kupata watu 61,741,120, Bara na Zanzibar kwa pamoja. Kumbuka kuna miaka mitatu kati ya sensa hizo, kwa hiyo tunalinganisha mwelekeo zaidi kuliko hesabu ya siku moja.

Zamani tofauti ilikuwa ndogo. Sensa ya Tanzania ya 1988 ilipata watu milioni 23.1, na ya Kenya ya 1989 ikapata milioni 21.4. Hata milioni 2 haikufika. Leo tofauti ni ya milioni nyingi.

Kati ya 2012 na 2022 Tanzania iliongezeka watu karibu milioni 17. Kenya, katika miaka kumi kati ya 2009 na 2019, iliongezeka karibu milioni 9. Kwa mwaka, Tanzania ilikuwa inakua kwa asilimia 3.2 na Kenya kwa asilimia 2.2.

Asilimia moja inaonekana kitu kidogo, lakini ijaribu kwa hesabu hii. Chukua 70, gawanya kwa kasi ya ukuaji, utapata miaka ambayo idadi ya watu huchukua kuongezeka mara mbili. Kwa Tanzania ni kama miaka 22. Kwa Kenya ni kama miaka 32. Maana yake, kasi isipobadilika, mtoto aliyezaliwa Tanzania mwaka wa sensa atafika miaka 22 akiwa katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 120.

Tuchukue kijiji cha watu 100

Sasa tuigeuze kila nchi iwe kijiji cha watu 100.

Katika kijiji cha Tanzania, watu 43 hivi wana umri chini ya miaka 15. Watu 53 wana umri kati ya miaka 15 na 64, ambao wataalamu huwaita nguvu kazi. Waliobaki, kama wanne, ni wazee wa miaka 65 na kuendelea.

Katika kijiji cha Kenya, watoto ni 39, nguvu kazi ni 57, na wazee pia ni kama wanne.

Kwa wazee, vijiji vyote viwili viko sawa. Tofauti iko kwa watoto na kwa wenye nguvu. Tanzania, kila watu 10 wa umri wa kufanya kazi wanabeba watoto na wazee karibu tisa. Kenya, watu 10 kama hao wanabeba kati ya saba na wanane. Ni sawa na nyumba mbili zenye majembe yanayolingana, lakini nyumba moja ina sahani nyingi zaidi jioni.

Kichuguu na chungu

Ukipanga watu kwa umri, watoto chini na wazee juu, Tanzania inatoa umbo la kichuguu: chini pana, juu panachongoka. Kundi kubwa kuliko yote ni la watoto wa chini ya miaka mitano.

Kenya ilikuwa hivyo pia, lakini sensa ya 2019 ilionyesha jambo jipya. Watoto wa miaka 10 hadi 14 walikuwa kama milioni 6.3, wa miaka 5 hadi 9 milioni 6.2, na wa chini ya miaka mitano karibu milioni 6. Kadiri unavyoshuka ndivyo wanavyopungua. Kichuguu kimeanza kuwa chungu, kitako kimebana kidogo kuliko tumbo.

Kwa nini majirani wakaachana

Wengine hudhani Kenya ina watoto wachache kwa sababu wanakufa wengi. Sivyo. Kwa tafiti za afya za mwaka 2022, Kenya ilipoteza watoto 41 kabla ya kufika miaka mitano katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, na Tanzania watoto 43. Hapo wako karibu sawa. Tena sehemu ya ongezeko la Tanzania ni habari njema: katika utafiti wa 2004-05 vifo hivyo vilikuwa 112 kwa kila 1,000. Watoto ambao zamani tungewazika, leo wako shuleni.

Tofauti iko kwenye uzazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa zaidi duniani. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Tanzania ilianza miaka ya 1990 ikiwa na wastani wa zaidi ya watoto 6, na mwaka 2022 ilikuwa 4.8. Wote wanashuka mlima mmoja, ila Kenya imetangulia.

Sababu kubwa mbili hutajwa. Ya kwanza ni wasichana kukaa shuleni muda mrefu, hivyo kuchelewa kuolewa na kuchelewa kuzaa. Ya pili ni uzazi wa mpango. Mwaka 2022, katika kila wanawake 100 walioolewa, 57 nchini Kenya walikuwa wanatumia njia za kisasa. Tanzania walikuwa 31.

Hata hivyo, mpaka wa Namanga au Holili si ukuta. Mwanamke wa mjini Tanzania anazaa wastani wa watoto 3.6, wakati wa kijijini Kenya anazaa 3.9. Wa kijijini Tanzania anazaa 5.5. Na ndani ya Kenya yenyewe, kaunti ya Mandera ina wastani wa 7.7 na Nairobi 2.5. Kwa hiyo pasipoti peke yake haielezi kila kitu. Angalia pia shule iko umbali gani na zahanati ina huduma gani.

Kila umbo na mzigo wake

Kwa Tanzania, mzigo wa kwanza ni madarasa, walimu, chanjo na vitanda vya wazazi. Serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yalijaa, na kundi lililo nyuma yao ni kubwa zaidi. Ardhi nayo inahusika: shamba la ekari sita likigawiwa watoto watatu, kila mmoja anapata ekari mbili. Wakiwa sita, kila mmoja anapata moja.

Kwa Kenya, mzigo umehama kutoka darasani kwenda kwenye ajira. Waliokuwa na miaka 10 hadi 14 mwaka 2019 ndio hao wanaomaliza sekondari miaka hii na kutafuta kazi. Nchi yenye wafanyakazi wengi na wategemezi wachache inaweza kupiga hatua kubwa, lakini kwa sharti moja: kazi ziwepo. Zisipokuwepo, faida hiyo inakaa vijiweni.

Na wala tusidhani Tanzania ingeweza kusimamisha ongezeko hili kesho. Hata kila mama akiamua kuanzia leo kuzaa watoto wawili tu, idadi ingeendelea kukua kwa miaka mingi, kwa sababu wasichana watakaokuwa mama wameshazaliwa. Wako wengi, na wengine wako mgongoni kwa mama zao sasa hivi.

La kufanya na takwimu hizi

Matokeo ya sensa ya 2022 yametolewa hadi ngazi ya kata. Mkutano mkuu wa kijiji ukifika, ndugu msikilizaji, uliza kata yako ina watoto wangapi wa chini ya miaka mitano, kisha uliza madarasa ya darasa la kwanza ni mangapi. Mtoto anayezaliwa mwaka huu ataingia darasa la kwanza baada ya miaka sita au saba. Tofali la darasa lake linatakiwa lianze kufyatuliwa kabla hajajua kuandika jina lake.