Agnes Moorehead: Sauti Bila Sura, Sura Bila Sauti

Mei 25, 1943, wasikilizaji wa redio nchini Marekani walimsikia mwanamke mgonjwa, yuko peke yake kitandani, akihangaika na simu. Laini zimeingiliana, naye amewanasa wanaume wawili wakipanga mauaji. Anampigia opereta, anawapigia polisi, hakuna anayemjali. Kero inageuka hofu, hofu inageuka mayowe. Mwenye sauti hiyo alikuwa Agnes Moorehead, na mchezo huo wa nusu saa, Sorry, Wrong Number, ulipendwa hata ukarudiwa redioni mara kadhaa, naye akiigiza.

Mchezo ulipofanywa filamu mwaka 1948, nafasi yake alipewa staa Barbara Stanwyck. Mwaka huohuo Moorehead aliigiza shangazi wa shambani katika Johnny Belinda. Wote wawili wakateuliwa kuwania Oscar: Stanwyck kama mwigizaji bora, Moorehead kama mwigizaji msaidizi.

Usaidizi ndio uliokuwa uwanja wake. Binti huyu wa mchungaji, mzaliwa wa Clinton, Massachusetts, mwaka 1900, alionekana kwenye sinema kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 40, baada ya kupikwa jukwaani na redioni. Orson Welles, mwenzake wa kundi la Mercury Theatre, alimpa nafasi ya mama katika Citizen Kane (1941). Ni dakika chache tu. Mama anatia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mlezi wa mjini, huku mtoto akicheza kwenye theluji nje. Baba anafunga dirisha; mama, uso mkavu, analifungua tena na kumwita mwanawe.

Mwaka uliofuata, The Magnificent Ambersons ikamletea uteuzi wa kwanza wa Oscar kati ya nne. Hakushinda hata mmoja.

Mwaka 1961 mambo yakageuka. Katika kipindi kimoja cha The Twilight Zone, mwanamke aliyesifika kwa sauti aliigiza bila kutamka neno: bibi wa nyumba kuukuu anayepambana na viumbe vidogo vilivyotua darini. Anaguna, anatetemeka, anashika shoka. Hadithi nzima imo machoni na mikononi mwake.

Hata hivyo, wengi walimfahamu kwa Endora, mchawi wa vichekesho vya Bewitched (1964–1972). Endora hakumpenda mume wa bintiye. Mkwe aliitwa Darrin, lakini mama mkwe akimwona humwita Derwood, au jina lolote jingine linalomjia mdomoni.