Tangi Moja Hufika Wapi?

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara mbili, mara ya kwanza barazani Kiembe Samaki na mara ya pili ndani ya daladala: gari ya familia ikijazwa tangi pomoni, itakwenda masafa gani? Jawabu kila mtu anayo tayari mdomoni. Mmoja husema kilomita mia sita, mwengine mia nne, na wote wawili huapa.

Tuanze na hesabu. Chukua gari ndogo ya Kijapani ya aina zilizojaa katika barabara zetu, tuseme Toyota IST. Tangi lake huchukua lita 45. Ikiwa nzima, kwenye barabara kuu na kwa mwendo wa kiasi, lita moja huipeleka kama kilomita 12. Zidisha, utapata 540. Sasa, kutoka mjini mpaka Nungwi ni kama kilomita 60, na kutoka mjini mpaka Makunduchi ni zaidi kidogo. Kwa hivyo tangi moja linaweza kuivuka Unguja, kutoka ncha hadi ncha, zaidi ya mara nne.

Basi vipi gari zetu zinasukumwa njiani?

Ni kwa sababu sisi hatwendi Nungwi. Tunakwenda skuli, sokoni, kazini, kisha tunarudi. Gari inakwenda na kusimama, na kila inapoondoka tena injini inabeba upya uzito wote wa chuma na abiria. Hapo lita ile ile hushuka hadi kilomita nane au tisa. Na injini inayonguruma gari imesimama hula baina ya nusu lita na lita nzima kwa saa, kutegemea ukubwa wake na kama kiyoyozi kimewashwa. Ukikaa foleni dakika 20 kwa siku, mwezi mmoja ni saa 10. Lita tano mpaka kumi zimekwisha, na meta haijasoma hata kilomita moja. Lita kumi hizo zingekupeleka Nungwi na kukurudisha.

Wako wanaoshika zile namba za Japani, kilomita 18 au 20 kwa lita, wakadhani wamedanganywa na aliyewauzia. Hawakudanganywa. Kipimo kilichotumika huko tangu mwaka 1991, kabla hakijabadilishwa, kilifanywa ndani ya jengo, gari ikizungusha magurudumu juu ya magogo ya chuma, kiyoyozi kimezimwa. Haikubeba bibi, wajukuu wanne na kapu la ndizi.

Lakini masafa si shida yetu kubwa. Shida ni kuendesha siku zote kwenye tone la mwisho, mafuta ya elfu tano leo na ya elfu tano kesho. Jirani yangu mmoja alikuwa hodari wa mchezo huo. Usiku mmoja shemegi yake akashikwa na uchungu, wakatoka Kiembe Samaki kuelekea Mnazi Mmoja, na gari ikazimika kabla ya kufika Migombani. Mshale ulikuwa ukionesha robo. Ulikuwa ukionesha robo tangu siku nyingi! Vijana waliokuwa barabarani wakaisukuma pembeni, na gari nyengine ikamchukua mama yule. Mtoto alizaliwa salama.

Kuna na jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui. Katika gari za zamani za kabureta, pampu ya mafuta kwa kawaida ilikaa nje, ubavuni mwa injini. Katika gari za siku hizi imo ndani ya tangi, na kinachoipoza ni petroli yenyewe. Tangi likiwa tupu kila siku, pampu hupata moto na huchakaa upesi, na bei ya pampu unaijua.

Aidha tusisahau kwamba tuko kisiwani. Kila lita tunayoichoma imekuja kwa meli. Umeme ulipokatika Unguja nzima, mwezi mzima katika mwaka 2008 na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, jenereta na gari zilikunywa kisima kimoja. Anayejaza tangi likiwa bado nusu ana siku kadhaa za kusubiri foleni ipungue. Anayengoja taa iwake hana.

Kuijua gari yako hakuhitaji fundi. Jaza mpaka bomba lijizime lenyewe, andika namba ya meta, tembea kama kawaida yako, kisha jaza tena vile vile, kituo kile kile ukiweza. Kilomita ulizokwenda zigawe kwa lita ulizotia safari ya pili. Fanya mara tatu, kwani mara moja haitoshi. Jirani yangu amekwisha kufanya. Yake inakwenda kilomita nane na nusu kwa lita, wala si kumi na tano alizokuwa akituapia, na hesabu yake ameibandika kwa karatasi palepale juu ya ule mshale wa robo.