Mbele ya kuhama Obokote

Kwetu Obokote siku hizi tunafunga mizigo. Tunahamia Kindu, kando ya mto Lualaba. Asubuhi bado tunatwanga sombe, na watoto wanagombania mchi. Jioni bibi yao anawasimulia kwa Kikomo karibu na moto. Juzi mdogo wetu aliuliza: "Bibi ataingia katika mfuko gani?" Tulinyamaza. Bibi anabaki.

Tulitaka kuwaficha watoto habari hiyo mpaka siku ya safari. Bibi akakataa: "Mtoto ambaye hakuagwa atanitafuta kila siku." Basi aliwaambia mwenyewe. Walilia, kisha wakala. Sasa kila jioni anawafundisha majina ya wazee wa jamaa, maana Kindu watasikia Kiswahili zaidi.

Katika mfuko wa mkononi tumeweka karatasi za chanjo na vyeti vya kuzaliwa. Mwenye mtoto mchanga amwandikishe mbele ya kuondoka: sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, bila malipo.

Ninyi mliokwisha kuhama, watoto wenu waliwaaga wazee namna gani? Mtuambie tukikutana.